Soseji na poloni za pakiti: kama zimepikwa kiwandani na zimefungwa vizuri, bakteria wanaingia kupitia wapi?

MwenyeDuka_Kihonda

Wana jukwaa, salaam. Nina duka la vyakula hapa Kihonda, Morogoro, na tangu niliponunua jokofu la mlango wa kioo nimeongeza bidhaa za baridi: soseji za pakiti, poloni (soseji nene ya kukatwa vipande) ya kipande kizima pamoja na ile iliyokatwa tayari, jibini na maziwa mgando. Wanunuzi wangu wakubwa wa soseji na poloni ni wazazi wanaowafungia watoto chakula cha shule, na vijana waliopanga vyumba ambao hawana nafasi ya kupika. Wengi wao hula bidhaa hizo zikiwa za baridi, kwa kuwa pakiti yenyewe imeandikwa kwamba chakula kimeshapikwa na kiko tayari kuliwa.

Juzi mteja mmoja mjamzito aliniambia kwamba kliniki wamemkataza poloni ya baridi, akaniuliza sababu. Sikuwa na jibu la uhakika, nami sipendi kumuuzia mtu kitu nisichoweza kukieleza. Ninachouliza ni hiki: ikiwa nyama imepikwa kiwandani, ikafungwa kwenye pakiti iliyoondolewa hewa, ikasafirishwa kwa gari la baridi na ikakaa dukani ndani ya jokofu, bakteria wanaingia kupitia wapi? Je, tarehe ya mwisho wa matumizi inaendelea kuwa na maana baada ya umeme kukatika kwa saa sita kisha ukarudi? Wapo pia wateja wanaotaka robo ya poloni tu, hivyo hunibidi nifungue pakiti na kuwakatia kwa kisu. Naomba majibu ya watu wanaoifahamu kazi hii, kwa sababu kila muuzaji mwenzangu ninayemuuliza huniambia kwamba isiponuka ni salama.

Msindikaji

Ndugu wa Kihonda, nimefanya kazi ya udhibiti wa ubora katika usindikaji wa nyama, na swali lako la kwanza ndilo linalobeba mengine yote. Watu wengi hudhani kwamba chakula kilichopikwa kiwandani hutoka kwenye tanuri na kuingia moja kwa moja kwenye pakiti, lakini sivyo. Katikati pana safari, na karibu hatari yote ya bidhaa hizi imo ndani ya safari hiyo.

Moto wenyewe hufanya kazi yake vizuri. Nyama ikifikia zaidi ya nyuzi joto 70 hadi katikati yake kwa muda uliopangwa, bakteria wa kawaida wanaosababisha magonjwa hufa. Baada ya hapo soseji humwagiwa maji baridi ili zipoe, humenywa ganda lake, hupita kwenye mikanda, hupangwa kwa mikono au kwa mashine, kisha ndipo hufungwa. Poloni inayouzwa vipande hupitishwa kwenye mashine ya kukatia. Mtu anayekagua kiwanda hatakiwi kuvutiwa na sakafu inayong'aa. Aombe mashine ya kukatia ifunguliwe, atazame nyuma ya kinga ya kisu, kwenye mipira ya kuzuia maji na kwenye maungio ya mkanda uliochakaa. Mahali hapo hubaki chembe ndogo za mafuta na nyama ambazo brashi haizifikii. Atazame pia mitaro ya sakafuni, matone yanayodondoka kutoka kwenye mitambo ya ubaridi iliyo juu ya meza, na magurudumu ya toroli zinazotoka chumba cha nyama mbichi kwenda chumba cha nyama iliyopikwa.

Bakteria anayetutia hofu zaidi katika bidhaa hizi anaitwa listeria. Huishi kwenye udongo, maji, majani na matumbo ya wanyama, kwa hiyo huingia kiwandani kila siku pamoja na nyama mbichi na viatu vya watu. Akishapata unyevu na ubaridi hujishikiza kwenye chuma au plastiki na kujifunika kwa utando unaomkinga dhidi ya dawa za kusafishia. Aina moja inaweza kukaa kwenye kiwanda kimoja kwa miaka, ikitoka kidogo kidogo na kuangukia bidhaa za leo na za mwezi ujao. Anapoangukia nyama iliyokwisha kupikwa, huwa ameingia katika shamba lililokwisha kufyekwa, kwa sababu bakteria wengine ambao wangeshindana naye wameuawa na moto.

Sasa njoo kwenye jokofu. Ubaridi huwazuia bakteria wengi wasiongezeke, lakini listeria huendelea kuongezeka hata kwenye nyuzi joto 4, na anaweza kufanya hivyo karibu na nyuzi 0. Chumvi inayotosha kuwazuia wengine haimzuii, na kuondoa hewa kwenye pakiti hakumsumbui, kwa kuwa anaweza kuishi penye hewa na pasipo na hewa. Kwenye nyuzi 4 anaweza kuongezeka maradufu kila baada ya siku moja na nusu hivi. Piga hesabu: katika siku 15 hizo ni mara kumi za kuongezeka maradufu, yaani mmoja amekuwa zaidi ya elfu moja. Jokofu likiwa kwenye nyuzi 10, kama yalivyo majokofu mengi ya madukani yanayofunguliwa kutwa nzima, kuongezeka huko maradufu huchukua saa chache tu.

Hapo ndipo jibu la tarehe linapopatikana. Tarehe iliyo kwenye pakiti ni ahadi yenye masharti mawili: pakiti isifunguliwe, na ubaridi ulioandikwa ubavuni uheshimiwe siku zote tangu kiwandani. Masharti yakivunjwa, tarehe inabaki kuwa wino. Jokofu zuri lililofungwa bila kufunguliwa hushika ubaridi kwa takribani saa nne. La mlango wa kioo linalohudumia wateja haliwezi kufika huko. Umeme ukirudi, bidhaa hupoa tena na huonekana kama zilivyokuwa, lakini bakteria walioongezeka katika saa zile sita hawapungui kwa sababu ya kupozwa upya. Bidhaa zilizopata joto kwa muda huo wote zisirudishwe kwenye rafu.

Ama kuhusu harufu, wenzako wanachanganya mambo mawili. Bakteria wanaoozesha chakula ndio wanaoleta harufu, utelezi na pakiti kuvimba kwa gesi. Listeria haleti lolote kati ya hayo kwa kiwango ambacho pua au jicho la mteja litatambua. Pakiti iliyovimba itupwe bila mjadala. Lakini pakiti iliyonywea vizuri na yenye harufu nzuri haijathibitisha chochote kuhusu listeria.

Maziwa mgando yasikutie wasiwasi mkubwa iwapo yametengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa, kwa kuwa ukali wake hauwapi bakteria hawa nafasi ya kuongezeka. Jibini laini lenye maji mengi ni habari nyingine, hasa likitokana na maziwa mabichi.

MTanga_Joburg

Ninaishi Johannesburg na nilikuwa hapa wakati wa mlipuko wa 2017 na 2018, kwa hiyo naomba niongeze jambo ambalo kila anayeuza poloni Afrika Mashariki anapaswa kulijua. Afrika Kusini ilipata mlipuko wa listeria ambao Shirika la Afya Duniani liliueleza kuwa mkubwa kuliko wowote uliowahi kurekodiwa duniani. Hadi ulipotangazwa kwisha mwanzoni mwa Septemba 2018, wagonjwa 1,060 walikuwa wamethibitishwa na maabara tangu Januari 2017, na 216 kati yao walijulikana kuwa wamefariki. Takribani wanne katika kila wagonjwa kumi walikuwa watoto wachanga wasiofikisha mwezi mmoja. Hao hawakula poloni. Waliipata kwa mama zao, tumboni au wakati wa kuzaliwa.

Poloni hapa ni chakula cha kila mtu. Ukienda Soweto utakuta kota, yaani robo ya mkate iliyotobolewa katikati ikajazwa chipsi, achari na kipande kinene cha poloni ya rangi ya waridi, ambayo mara nyingi huwekwa jinsi ilivyotoka kwenye ganda lake. Ni kitoweo cha bei nafuu chenye chumvi nzuri, na familia nyingi zilikitegemea kwa ajili ya watoto. Ndiyo maana chanzo kilichukua muda mrefu kupatikana: ukiwauliza wagonjwa walikula nini mwezi uliopita, kila mmoja anakutajia vitu ishirini, na poloni imo karibu kila mahali.

Serikali ilitangaza mlipuko tarehe 5 Desemba 2017, na hadi wakati huo ugonjwa huu haukuwa hata kwenye orodha ya magonjwa ambayo madaktari walilazimika kuyatolea taarifa. Wataalamu walichunguza vinasaba vya bakteria waliotoka kwa wagonjwa na kukuta kwamba takribani tisa katika kila kumi ni wa aina moja, iliyopewa jina ST6. Hiyo ilionyesha kwamba kuna chanzo kimoja kinachosambaza nchi nzima, lakini kipi? Mwezi Januari 2018 watoto kadhaa wa chini ya miaka mitano kutoka kituo kimoja cha kulelea watoto huko Soweto walifikishwa hospitali ya Chris Hani Baragwanath wakiwa na homa na kuhara. Daktari aliyewapokea alishuku chakula, maafisa wa afya wakaenda kituoni, wakachukua poloni iliyokuwa kwenye jokofu. Poloni hiyo iliwafikisha kwenye kiwanda cha Enterprise kilichopo Polokwane, na sampuli zilizochukuliwa ndani ya kiwanda hicho zikakutwa na ST6. Tarehe 4 Machi 2018 Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, alitangaza matokeo hayo na bidhaa zikaanza kuondolewa madukani. Wagonjwa 109 walikuwa wamehojiwa kwa kina kuhusu walichokula, na 93 kati yao walitaja nyama zilizosindikwa za aina hii.

Msumbiji, Namibia, Zambia na nchi nyingine jirani zilisimamisha kuingiza bidhaa hizo, kwa kuwa nyama ile ilikuwa ikisafirishwa nje. Jambo ambalo bado linaniuma ni kwamba poloni hiyo haikuwa imepita tarehe yake, haikununuliwa kwa mchuuzi wa kichochoroni, na ilikaa kwenye majokofu kama ilivyoelekezwa. Wazazi walifanya kila walichoambiwa wafanye.

KijanaWaMabibo

Nawaheshimu wachangiaji, lakini naona hofu inazidi kipimo. Nimekula soseji za baridi tangu nikiwa sekondari, na wenzangu wote wa bweni vivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kuumwa kwa sababu hiyo. Mtu akila chakula kibaya ataharisha siku hiyohiyo au kesho yake, na hapo ndipo atajua chanzo. Je, si kweli kwamba kinga ya mwili ya watu wetu imezoea?

MkungaStaafu

Mwanangu wa Mabibo, ulichosema kuhusu wewe na wenzako huenda ni kweli kabisa, na ndiyo sababu ugonjwa huu hujificha. Kijana mwenye afya anaweza kula listeria na asipate lolote, au akapata homa ya siku mbili na tumbo kuvurugika kidogo. Wanaopata ugonjwa mkali ni wajawazito, watoto wachanga, wazee, na watu ambao kinga yao imepungua kwa VVU, saratani, kisukari au dawa za kushusha kinga. Mwili hauzoei bakteria huyu kwa namna ambayo ingemkinga mtoto aliye tumboni.

Kuhusu kwamba mtu angeharisha kesho yake na kujua chanzo, hapana. Kwa ugonjwa mkali, muda kati ya kula na kuugua huwa wiki kadhaa, na unaweza kufika siku 70. Nani kati yetu anakumbuka kipande cha poloni alichokula miezi miwili iliyopita?

Nimefanya kazi ya ukunga kwa muda mrefu na ningependa wanaosoma waelewe jinsi mama anavyokuja. Anakuja na homa, mwili unauma, mgongo unauma, pengine anajisikia kama mtu mwenye mafua. Katika mazingira yetu kila mtu anafikiria malaria au UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Kipimo cha malaria kikitoka hakuna, anapewa dawa za maumivu anarudi nyumbani, na homa yenyewe inaweza kupungua. Mtoto ndiye anayeendelea kuumia. Mimba inaweza kutoka, mtoto anaweza kuzaliwa mfu au kabla ya wakati, au akazaliwa akiwa na maambukizi kwenye damu; wengine huonekana wazima na kuugua homa ya uti wa mgongo wiki chache baadaye. Wajawazito hupata ugonjwa huu mara kumi hadi ishirini zaidi ya watu wazima wengine wenye afya. Kwa hiyo mama yule aliyekuja dukani Kihonda alishauriwa vema na kliniki yake.

Naomba jambo moja lisisahaulike. Ugonjwa huu unatibika kama umefikiriwa mapema, lakini listeria hasikii seftriaksoni, sindano ambayo hospitali zetu huitegemea sana kwa homa ya uti wa mgongo na maambukizi mengine makali. Dawa inayomfaa ni ampisilini au nyingine za jamii hiyo, na uthibitisho hupatikana kwa kuotesha damu au maji ya uti wa mgongo maabara. Mjamzito mwenye homa isiyo na maelezo amweleze daktari wazi kwamba amekuwa akila soseji za baridi, poloni, jibini laini au maziwa yasiyochemshwa. Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha dawa atakayoandikiwa.

Smokie_Nairobi

Salamu kutoka Nairobi. Huku bidhaa inayoliwa zaidi ni smokie, aina ya soseji ambayo mchuuzi huipasua kwa kisu na kujaza kachumbari ndani yake. Nakubaliana na yote yaliyosemwa, ila kwa mtazamo wa mtaani naona kwamba tatizo letu kubwa si smokie yenyewe, kwa kuwa mara nyingi hupashwa moto kwenye kikaango juu ya makaa. Tatizo ni kwamba pakiti ilitoka friza alfajiri ikakaa kwenye toroli hadi jioni, na kisu kinachopasua smokie ndicho kinachokata nyanya, vitunguu na dhania kwa ajili ya kachumbari, kikifutwa kwa kitambaa kilekile kutwa nzima. Kachumbari haipiti kwenye moto wowote. Ukimpasha mteja smokie vizuri kisha ukamwekea kachumbari ya tangu asubuhi, hujamkinga. Naomba Msindikaji aeleze kuhusu kisu, kwa sababu muuliza swali naye anakata poloni dukani.

Msindikaji

Ndugu wa Nairobi umesema jambo la msingi. Pale dukani, kisu na ubao wa kukatia ndivyo vinavyofanya kazi ileile ya mashine ya kukatia ya kiwandani: vinachukua bakteria kutoka bidhaa moja na kuwagawia bidhaa kumi zinazofuata. Poloni moja yenye tatizo ikikatwa asubuhi, jibini linalokatwa baada yake limeshaambukizwa, hata kama lilitoka kwenye kiwanda safi kuliko vyote. Mkono unaopokea fedha na kurudi kwenye nyama huongeza tatizo jingine, yaani bakteria wa ngozi wanaoitwa stafilokoka, ambao chakula kikikaa kwenye joto hutengeneza sumu isiyoharibiwa hata kwa kuchemshwa. Huyo ndiye anayemfanya mtu atapike baada ya saa chache, na ndiye ambaye kijana wa Mabibo alikuwa akimfikiria.

Ushauri wangu kwa duka lisilo na sinki ya maji yanayotiririka, wala kisu na ubao wa bidhaa zilizopikwa pekee, ni kwamba liache kabisa kukata robo. Waagize wasambazaji wakuletee pakiti ndogo. Najua bei kwa gramu hupanda kidogo na wateja watanung'unika, lakini pakiti ndogo iliyofungwa kiwandani ni salama kuliko kipande kilichokatwa kwenye kaunta, na kwa mteja mwenye jokofu dogo au asiye na jokofu ndiyo inayomfaa, kwa kuwa ataimaliza siku hiyohiyo.

Nieleze pia kidogo kuhusu viwango, kwa sababu watu hudhani kwamba chakula kilichopimwa hakina bakteria hata mmoja. Marekani haikubali listeria hata kidogo katika vyakula vilivyo tayari kuliwa. Ulaya inaruhusu hadi bakteria 100 kwa gramu katika vyakula vingi, iwapo mtengenezaji anathibitisha kwamba kiwango hicho hakitazidi hadi siku ya mwisho ya matumizi. Miongozo ya Codex, yaani viwango vya chakula vya kimataifa, inatofautisha: chakula ambacho bakteria huyu anaweza kuongezeka ndani yake kisikutwe naye katika sampuli za gramu 25, na kile ambacho hawezi kuongezeka, kwa mfano kikali sana, kikavu sana au kilichogandishwa, kinaweza kuvumiliwa hadi 100 kwa gramu. Mimi naona mgawanyo wa Codex una busara, kwa sababu unauliza swali sahihi: bakteria wachache waliomo leo watakuwa wangapi siku ya kuliwa? Lakini kupima bidhaa chache za mwisho hakuwezi kuchukua nafasi ya kupima mitaro, mikanda na mashine kila wiki. Kiwanda kinachotafuta listeria kwa bidii kwenye sakafu yake kitampata, kitaona aibu kidogo, na kitamwondoa kabla hajafika kwenye pakiti. Kiwanda ambacho majibu yake huwa safi mwaka mzima kinanitia shaka zaidi.

Hapa Tanzania, tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), baada ya jukumu hilo kuondolewa TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Una haki ya kumwomba msambazaji wako akuonyeshe kwamba bidhaa na jengo vimesajiliwa, na akueleze anachofanya pale kiwanda kinapotangaza kuondoa toleo fulani sokoni. Kwa hiyo andika kwenye daftari namba ya toleo ya kila boksi unalopokea pamoja na tarehe. Siku tangazo likitolewa, mwenye daftari atajua katika dakika tano kama bidhaa hiyo iko kwenye rafu yake.

MwenyeDuka_Kihonda

Nimesoma yote mara mbili na nawashukuru sana, hasa mama mkunga. Nimeamua kuacha kukata robo, na nimenunua kipimajoto cha jokofu. Leo saa nane mchana rafu ya juu ilisoma nyuzi 9 na ya chini nyuzi 5, jambo ambalo sikulitarajia kwa kuwa ukiweka mkono kote kunahisi baridi sawasawa.

Nimebaki na mambo mawili. La kwanza, gari la msambazaji huja mara moja kwa wiki, hivyo je, ninaweza kuweka nusu ya mzigo kwenye friza na kuutoa kidogo kidogo? La pili, mteja anayeniambia kwamba hawezi kuacha poloni, au mzazi anayemfungia mtoto, nimwambie afanye nini hasa nyumbani?

Msindikaji

Rafu ya juu kusoma nyuzi 9 ni jambo la kawaida kwa majokofu ya kioo, hasa yakijazwa hadi hewa baridi ikakosa njia. Hamishia soda na maji huko juu, soseji na poloni zikae chini na nyuma, mbali na mlango, na uache nafasi kati ya pakiti na ukuta wa jokofu. Pima saa za mchana kama ulivyofanya, kwa sababu asubuhi jokofu hukudanganya.

Friza inafaa. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri listeria haongezeki, ingawa hafi, kwa hiyo kugandisha husimamisha saa bila kuirudisha nyuma. Gandisha siku mzigo ulipofika na si siku mbili kabla ya tarehe kwisha, soma kwanza pakiti kama kiwanda kinaruhusu, kisha bandika karatasi yenye tarehe ya kugandisha. Ukitoa, yeyushia ndani ya jokofu na si juu ya kaunta, uiuze ndani ya siku moja au mbili, na usiigandishe tena.

Kwa mteja, maelezo ni mafupi: mjamzito, mzee, mtu mwenye kinga pungufu na mtoto mdogo wale soseji na poloni zilizopashwa moto hadi zitoe mvuke kote, yaani zaidi ya nyuzi joto 70 katikati. Vipande vyembamba vya poloni vikaangwe pande zote mbili. Soseji zichemshwe kwenye maji yanayotokota hadi ukiipasua moja katikati itoe mvuke. Kuichoma soseji juu ya makaa hadi ganda libabuke hakutoshi kama ndani bado ni baridi. Mtoto wa shule apashiwe asubuhi na ale mapumziko ya kwanza, chombo kisikae kwenye begi hadi mchana. Maji yaliyomo ndani ya pakiti yasimwagikie kachumbari, matunda wala mkate. Yakimwagika ndani ya jokofu, osha rafu kwa maji ya moto na sabuni, kisha ifute kwa dawa ya klorini ya maji, kijiko kimoja cha chakula kwa takribani lita nne za maji, na uiache ikauke.

Na gari la msambazaji likifika, kabla hujatia sahihi, weka kipimajoto katikati ya pakiti mbili zilizobanana kwa dakika chache. Kikisoma zaidi ya nyuzi 5, mwambie dereva arudi na mzigo wake.